Kozi ya LSAT niliyolipia dola 795: kilichonisaidia na nilipopigwa

Nimeulizwa sana hii kitu na jamaa zangu walioko huku Marekani wanaotaka kuingia law school, yani chuo cha sheria, kwamba ile kozi ya mtandaoni niliyochukua ya kujiandaa na LSAT, mtihani wa kuingilia huko, inafaa au ni kupigwa tu, basi leo nimekaa niseme yote mara moja maana nimechoka kuyarudia kwenye simu. Jina la kozi silitaji, sitaki kesi kabla hata sijawa wakili. Jibu fupi ni kwamba ndani yake kuna kitu kimoja kizuri sana kimezungukwa na makorokoro mengi ya kujazia, na mi nililipia vyote.

Mnijue kidogo kwanza. Mi ni mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza, mwaka wa 6 huu, nafanya hospitali, mashuleni, na zaidi mahakama ya uhamiaji. Kiingereza ndo kinanilisha. Kwahiyo niliposikia LSAT haina sheria hata moja ya kukariri, ni kusoma na kufikiri tu, nikajisemea hapa ni kwangu. April 2024 usiku watoto wamelala nikakaa jikoni nikafanya mtihani mmoja wa majaribio wa bure, sijajiandaa chochote, saa ya simu pembeni. Nikapata 144. Kwa asiyejua, LSAT inaanzia 120 inaishia 180, hakuna sifuri, hata ukikosa kila swali unapewa 120 yako, na watu wengi wanaangukia karibu na pale 150. Mi mkalimani wa mahakama nilikuwa chini ya hao wengi. Siku mbili sikumwambia mtu.

Siku ya tatu nikatoa kadi. Pakeji ya mwaka mzima, dola 795, imeandikwa kwa rangi nyekundu punguzo linaisha usiku huu. Wiki iliyofuata nikapita pale nikakuta punguzo linaisha usiku huu, mwezi uliofuata hivyo hivyo, nadhani hata leo ukiingia linaisha usiku huu.

Kesho yake naingia nianze mitihani, naambiwa unganisha akaunti yako ya LawHub. Ipi tena hiyo? Hapo ndo nikajua kitu ambacho ningekijua kabla ya kulipa ningetulia kidogo: maswali halisi ya LSAT ni mali ya wenye mtihani, Law School Admission Council, tunawaita LSAC tu, na kozi zinayatumia kwa leseni. Mwanafunzi ili uyafungue ndani ya kozi lazima uwe umelipia LawHub Advantage, yani ile ya kulipia kwenye tovuti yao ya mazoezi, kwa LSAC wenyewe, dola 120 kwa mwaka. Sio wizi, ndo utaratibu wao, ila kozi yangu ilikuwa imeuandika kule chini kabisa kwa herufi za kutafuta na tochi. Kwahiyo swali la kwanza la kumuuliza muuza kozi yeyote ni hilo, bei yako imejumlisha LawHub au la.

Na LawHub yenyewe naisifu bila kupepesa macho. Kuna mitihani zaidi ya 50 iliyowahi kufanyika kweli, na unaifanyia kwenye muonekano ule ule utakaoukuta siku yenyewe, unapigia mstari pale pale, unakata jibu usilolitaka, saa inarudi nyuma pale juu. Akaunti ya bure nayo inakupa mitihani michache, inatosha kujipima kabla hujatoa senti. Zamani Khan Academy, ile tovuti ya masomo ya bure, walikuwa na kozi ya bure ya LSAT, tangu 2018, ila 2024 wakaitoa, masomo yakahamia huko huko LawHub, kwahiyo ukikutana na mtu anakwambia nenda Khan Academy jua taarifa zake ni za juzi.

Sasa kero kubwa. Karibu robo ya kozi niliyonunua ilikuwa ya kutupa. LSAT ya zamani ilikuwa na sehemu ya michezo ya mantiki, yale maswali ya watu saba wanakaa viti saba, huyu hakai karibu na yule, fulani akiwa wa tatu nani atakuwa wa mwisho. Mtu mmoja asiyeona alishtaki, hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka, hii sehemu watu wanaifanya kwa kuchora vijedwali na mimi siwezi kuona wala kuchora, na 2019 LSAC wakakubaliana naye kuitafutia njia nyingine. Wakatangaza October 2023 kwamba kuanzia August 2024 michezo inatoka kabisa. Mi nimenunua kozi April 2024, nimejaza kwenye fomu yao kabisa kwamba nataka kufanya October 2024, yani wanajua, lakini ratiba waliyonipangia inaanza na nini? Michezo. Nikachora viboksi wiki mbili na nusu, nimeanza hata kuipenda, mpaka mwenzangu mmoja kazini akaniuliza mbona unasoma kitu kilichokufa.

Kwa sasa mtihani uko hivi: sehemu nne, kila moja dakika 35, mapumziko ya dakika 10 baada ya ya pili. Mbili ni za hoja, moja ni ufahamu, na ya nne ni ama hoja ama ufahamu ila haihesabiwi, wanaitumia kujaribu maswali mapya, na hawakwambii ni ipi kwahiyo zote unazipigania. Jibu la kosa halikatwi alama, usiache swali wazi hata kama unabahatisha. Kuna na insha ya hoja unayoifanya nyumbani siku yako mwenyewe, dakika 15 za kupanga na 35 za kuandika, haina alama ila usipoifanya matokeo yako hayatoki, malizana nayo mapema.

Sasa nije kwenye kile kitu kizuri. Kila swali la hoja kwenye ile kozi lina maelezo ya video, na sio maelezo ya kusema jibu ni C kwasababu C ni sahihi. Wanakupitisha kila jibu kati ya yale matano wanakuonyesha limetegwa vipi. Nitoe mfano nilioutunga mwenyewe wa aina hiyo. Jiji limeweka taa barabara fulani mwaka jana, mwaka huu ajali zimepungua, kwahiyo taa ndo zimepunguza ajali. Unaulizwa kasoro iko wapi. Jibu moja linasema, mwandishi anadhani penye taa hapawezi kutokea ajali. Ukisoma haraka unaona eeh kweli, mwandishi ameziamini taa kupita kiasi. Lakini hajasema ajali zimeisha, kasema zimepungua, umemuwekea maneno mdomoni. Jibu lingine limepoa tu, linasema hakuangalia kama magari yanayopita pale yenyewe yamepungua. Hilo ndo lenyewe. Mi nilikuwa naangukia lile la kwanza kila mara, maana lina sauti kubwa, na kwenye LSAT jibu lenye sauti kubwa mara nyingi ndo mtego.

Halafu kuna somo la maneno madogo. Hili kwa sisi tuliokulia Kiswahili ningelipia hata peke yake. Chukua neno baadhi. Nikikwambia baadhi ya mashahidi walisema ukweli, wewe unaelewa wengine wamedanganya. Kwenye LSAT hapana, baadhi ni kuanzia mmoja mpaka wote, hata kama wote walisema ukweli sentensi bado ni kweli. Au ile ya wote hawakuja na si wote waliokuja. Kwenye maongezi ya haraka tunaziachia tu, mtu atakuelewa. Pale ukizichanganya swali limeenda.

Na neno isipokuwa, hili ndo lilinitoa jasho. Jaji anasema kwa Kiingereza chake, nitakataa ombi isipokuwa hati fulani iletwe kabla ya tarehe fulani. Mteja anaponiangalia usoni najua anachokisikia, anasikia nikileta hati ombi limekubaliwa. Na jaji hajasema hivyo! Kasema bila hati umekosa, hajasema ukiwa nayo umepata. Miaka yote nimetafsiri sentensi za namna hii, neno kwa neno sawa kabisa, na sijawahi kujiuliza kwanini watu wanatoka pale wanatabasamu. Siku nilipokosa maswali manne mfululizo ya aina hiyo nikafunga laptop nikakaa. Siku hizi jaji akisema hivyo naomba ruhusa nimuulize kama anaweza kumfafanulia mteja, wengi wanakubali.

Madarasa ya moja kwa moja yalikuwa jumanne usiku, mwalimu mmoja mzuri sana mwingine anasoma slaidi. Mratibu wa ratiba wa kwenye apu ni kimeo, ukikosa siku moja anakurundikia yote kesho yake mpaka unafika ijumaa una masaa 11 ya kusoma. Ubashiri wa alama nao msiuamini, uliniambia 160 wiki moja kabla ya mtihani.

October 2024 nikafanya nyumbani nikapata 153. Sehemu ya lawama ni ufala wangu, nilikaa chumba ambacho wifi yangu inakatika ukifunga mlango, na nilifunga mlango maana hairuhusiwi mtu kuingia, ikakatika katikati ya ufahamu, nikarudishwa ndani baada ya muda ila akili ilishatoka. Mara ya pili nilienda kituoni, unapewa kabati la vitu vyako, unapewa kompyuta yao, wifi ikikatika ni shida yao.

Sasa hapo kwenye 153 nikakumbuka ile garantii. Tovuti yao inasema usipopanda pointi 10 unarudishiwa hela yako yote. 144 mpaka 153 ni 9, nikawaandikia kwa heshima kabisa. Wakanijibu mambo mawili. La kwanza, ile 144 ni ya majaribio, haihesabiki, wanataka alama mbili rasmi za LSAC. Yani wanataka mtu aende kwanza akafanye mtihani wa kweli bila kujiandaa, alipe, apate alama mbaya rasmi, ndo aje anunue kozi, wakati maisha yako yote unaruhusiwa LSAT mara 7 tu na kwenye kipindi kimoja cha miaka mitano mara 5. La pili, nilitakiwa niwe nimemaliza asilimia 100 ya video, na mi niko kwenye 71. Nikaangalia zilizobaki ni zipi. Nyingi ni michezo! Yani nirudishiwe hela kwa sharti la kuangalia masaa kibao ya somo la mchezo ambao haupo tena kwenye mtihani. Nilicheka nikiwa peke yangu kwenye gari.

Kuanzia hapo nikaacha ratiba yao nikafanya yangu. Nilichofanya ni daftari. Kila swali nililokosa, na kila nililopata kwa kubahatisha, naandika mambo matatu: nilichagua nini, neno gani lilinidanganya, na kwanini lile sahihi lilinishinda kulichagua. Kabla sijaangalia video naandika kwanza, hapo ndo penye kazi. Mtihani mmoja kamili jumamosi, siku zingine nauchambua huo huo mmoja. Mtu anayefanya mitihani mitatu kwa wiki bila kuchambua anapima joto tu, homa iko pale pale. January 2025 nikarudia, nikapata 162. Na msiogope kurudia, vyuo vinaona alama zako zote ila kwenye takwimu zao wanaripoti ile ya juu, kwahiyo ya juu ndo wanaitamani.

Kozi walinishawishi pia niongeze dola 180 za kusaidiwa insha binafsi ya maombi. Hapa nilipigwa waziwazi. Nilikuwa nimeandika habari ya lile neno isipokuwa na mteja anayetabasamu, jamaa akanirudishia kitu kimejaa shauku tangu utotoni, haki, kuwa sauti ya wasio na sauti. Nikamsomea mke wangu akaniuliza huyu ni nani. Nikatupa, nikarudisha ya kwangu, kurasa mbili, nikapunguza maneno tu.

Upande wa maombi kozi ina video tatu, zote za juu juu, kwahiyo hapa naongeza ya kwangu. Kila kitu kinapita LSAC kwenye huduma yao inaitwa CAS: transkripti zako (karatasi za matokeo ya chuo), barua za kupendekezwa, alama. Unalipia mara moja halafu kila chuo unachotuma kina ada yake ya ripoti. Kama digrii yako ya kwanza ni ya nje ya Marekani na Canada kama mimi, chuo chako chenyewe ndo kinatakiwa kitume transkripti, sio wewe uiskani, halafu inafanyiwa tathmini, na hupewi GPA ya Kimarekani, ule wastani wa alama, unapewa maelezo ya kiwango chako. Mi nilianza kuomba transkripti December, ofisi ya chuo nilichosoma ikanizungusha, faili limekaa kwa mtu yuko likizo, ikaingia February. Vyuo vingi hapa vinafungua maombi September na vinagawa viti kadri maombi yanavyoingia, kwahiyo February unakuta sherehe inaendelea ila viti vya mbele vimekaliwa. Transkripti ombeni hata kabla hamjaanza kusomea mtihani.

Kuna swali la fomu kuhusu makosa uliyowahi kufanya, vyuo vingine vinataka hata tiketi za barabarani, zile faini za trafiki. Mi nina ya spidi ya 2021. Nikaiandika. Ukiificha leo, siku unaomba leseni ya uwakili wanauliza tena na wanalinganisha, bora aibu ya tiketi.

Na kabla hujachagua chuo fungua ripoti zao za 509, kila chuo kilichoidhinishwa na American Bar Association, chama cha mawakili cha Marekani, lazima kiziweke wazi kila mwaka. Mle unaona alama za LSAT za waliodahiliwa, ya katikati na za robo ya chini na ya juu, na kuna kipande watu wanakiruka, kinaonyesha ni wanafunzi wangapi walipewa skolashipu yenye masharti na wangapi wakapunguziwa au wakanyang'anywa. Mi niliomba vyuo 7, vitatu vikanikataa, viwili wetilisti (orodha ya kusubiri), viwili vikanikubali. Kimoja kikanipa skolashipu kubwa kwa sharti la kubaki na GPA fulani, nikaenda kwenye 509 yao nikaona walionyang'anywa sio wachache, na mwaka wa kwanza alama zinagawanywa kwa kulinganishwa na wenzako, kwahiyo wote hamuwezi kuwa juu hata mkijitahidi wote. Nikaenda kwenye ile ndogo isiyo na sharti. Niliwaandikia wanipandishie kidogo nikiambatanisha ofa ya wenzao, wakapandisha. Hakuna mtu aliyekasirika.

Hesabu yangu yote, kwa bei za msimu ule: mitihani miwili kwa dola 238 ni 476, CAS 207, ripoti 7 kwa dola 45 ni 315, LawHub 120, kozi 795, insha ya shauku 180. Jumla 2,093, bado ada za maombi za vyuo vyenyewe, ingawa vinne vilinisamehe nilipowaandikia tu kuomba. Na msisahau LSAC wana msamaha wa ada kwa mwenye kipato kidogo, unabeba mtihani na CAS na ripoti kadhaa, ila uombe kabla hujalipa. Mi nilikuja kuusikia nimeshalipa.

Kwahiyo nyota? Maelezo ya maswali nawapa 5, mwalimu wa jumanne 5, ratiba 1, garantii sina namba yake. Ningeanza upya leo ningelipia LawHub, ningefanya mitihani kama mitano na daftari, halafu ningechukua kozi kwa mwezi mmoja mmoja, miezi miwili inatosha, nikimbizane na video za aina za maswali ninazokosa tu. Pakeji ya mwaka ni ya mtu ambaye hajaanza kabisa na ana muda, na hata huyo aulize kwanza wamefuta michezo au bado.

Na jamani mkinunua, zimeni ile ya kujilipia yenyewe mwaka ukiisha siku hiyo hiyo mnayolipa. Haipo kwenye malipo, ipo kwenye mipangilio, wasifu, halafu mawasiliano, sijui nani aliiweka kule. Mi April 2025 nimeshakubaliwa chuo, nikaona meseji ya benki, dola 795 zimetoka tena. Walirudisha, baada ya barua pepe nne.